Muuzaji Asiyeuliza: Sheria ya Marekani na Bunduki Zinazouzwa na Watu Binafsi

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtahadharisha mtu asijitose katika jambo asilolifahamu, kwani gizani huenda akaumia. Nchini Marekani, hata hivyo, ipo biashara moja ambamo giza halimdhuru aliyemo ndani yake, bali humkinga. Mtu asiye na leseni ya biashara anapomuuzia mwenzake bunduki, huwa salama zaidi mbele ya sheria ya serikali kuu kadiri anavyojua machache kuhusu mnunuzi wake. Makala haya yanashikilia kwamba chimbuko la tatizo hili ni lugha ya sheria yenyewe, kabla hata ya kuulaumu uzembe wa maafisa au ukaidi wa wenye bunduki, kama zilivyozoea kufanya pande mbili zinazozozana.

Msomaji wa Kenya huenda akastaajabu. Chini ya Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, idhini hutangulia silaha. Asiye na cheti hana ruhusa ya kununua wala kumiliki, awe ananunua dukani au kwa jirani. Marekani mambo yako kinyume. Huko kumiliki silaha ni haki iliyotajwa katika Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791, na sheria huanza na dhana kwamba mtu mzima anastahili kuwa na bunduki mpaka ithibitike kuwa yumo miongoni mwa waliokatazwa. Swali linalobaki ni moja: nani ana wajibu wa kuthibitisha, na kwa njia gani?

Kwa muda mrefu hapakuwa na njia yoyote ya maana. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka moja la Chicago kwa jina la bandia. Baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Bunduki mwaka huo huo. Sheria hiyo ilipiga marufuku biashara ya posta baina ya majimbo, ikawataka wafanyabiashara wawe na leseni, na ikawataja wasiostahili kuwa na silaha: waliohukumiwa kwa makosa makubwa ya jinai, wanaotoroka mkono wa sheria, watumiaji wa dawa haramu za kulevya, na waliotambuliwa rasmi kuwa na maradhi makubwa ya akili. Hata hivyo, kwa robo karne hivi, ukaguzi ulikuwa ni tamko la mnunuzi mwenyewe. Alijaza fomu, akasema hayumo katika orodha, akalipa, akaondoka na bunduki yake. Kumwuliza fisi kama ana njaa kisha kumkabidhi ufunguo wa zizi ni utaratibu wa ajabu, lakini ndio uliokuwapo.

Mnamo Machi 30, 1981, James Brady, katibu wa habari wa Rais Ronald Reagan, alipigwa risasi kichwani jijini Washington katika jaribio la kumuua rais. Bastola iliyotumika ilikuwa imenunuliwa katika duka la rehani mjini Dallas. Brady alinusurika akiwa na ulemavu wa kudumu, na ilichukua miaka 12 ya mivutano kabla ya sheria yenye jina lake kutiwa sahihi na Rais Bill Clinton, Novemba 30, 1993. Mwanzoni sheria hiyo iliwatwika wakuu wa polisi wa mitaa kazi ya kuchunguza wanunuzi. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kuwaamuru maafisa wa majimbo kutekeleza mpango wake. Mwaka uliofuata, Novemba 30, 1998, Shirika la Upelelezi la FBI lilizindua mfumo wa kitaifa unaojulikana kwa kifupi kama NICS. Mwenye duka hupiga simu au hutumia kompyuta, rekodi zikapekuliwa, na aghalabu jibu hurudi kwa dakika chache. Jibu lisiporudi katika siku tatu za kazi, sheria ya serikali kuu humruhusu muuzaji kuendelea. Huo ni mwanya wa aina yake, na ndio uliompa silaha aliyewaua watu 9 katika kanisa la Charleston mwaka 2015.

Wajibu wote huu, lakini, humwangukia mwenye leseni peke yake. Hapo ndipo lugha ya sheria inapohitaji kusomwa kwa makini, kama asomavyo mhakiki beti zenye fumbo. Sheria ya mwaka 1986 ya kuwalinda wamiliki wa bunduki ilieleza kwamba mfanyabiashara ni yule anayetoa muda, uangalifu na jasho lake katika kuuza bunduki kama shughuli ya kawaida, shabaha yake kuu ikiwa riziki na faida. Anayeuza mara moja moja, au anayeuza mkusanyiko wake binafsi, hakuhesabiwa. Maneno haya yanateleza kama kambare. Mara moja moja ni mara ngapi? Mkusanyiko wa mtu huanzia wapi na huishia wapi? Sheria haikutaja idadi. Mtu angeweza kukodi meza katika maonyesho ya bunduki, akauza silaha kadhaa, akarudi tena mwezi uliofuata, na akiulizwa aseme anapunguza mali aliyoachiwa na marehemu babu yake. Mababu wa Marekani, kwa ushahidi wa meza hizo, waliacha bunduki nyingi mno.

Kwa asiyehesabiwa kuwa mfanyabiashara, sheria ya serikali kuu inabakisha makatazo machache. Haruhusiwi kumuuzia moja kwa moja mkazi wa jimbo jingine. Haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya umri wa miaka 18. Na haruhusiwi kumuuzia mtu ambaye anajua, au ana sababu ya kutosha kuamini, kwamba amekatazwa kumiliki silaha. Kishazi hiki cha mwisho ndicho kiini cha kadhia nzima. Kitenzi kujua kimebebeshwa mzigo wote wa sheria, ilhali hakuna kitenzi kuuliza popote karibu yake. Sheria inamwadhibu anayejua, lakini haimtaki mtu atafute kujua. Muuzaji mwangalifu anayemdadisi mnunuzi huenda akasikia jambo litakalomzuia kuuza, au litakalomtia hatiani akiuza. Muuzaji asiyedadisi anahesabu pesa zake na kulala usingizi. La kustaajabisha zaidi ni kwamba hata anayetaka kuuliza hana pa kuuliza. Mfumo wa NICS uliwekewa wenye leseni, si raia wa kawaida. Muuzaji binafsi mwenye dhamiri hana budi kumsihi mnunuzi waandamane hadi kwa mwenye duka, wamlipe ada, naye awafanyie ukaguzi. Wapo wanaofanya hivyo, na wapo wanaokataa kumuuzia yeyote asiyeonyesha kibali cha kubeba bastola. Hao wanaongozwa na dhamiri zao, kwani sheria ya serikali kuu haikuwalazimisha.

Msiba wa shule ya upili ya Columbine katika jimbo la Colorado, Aprili 20, 1999, ulilidhihirisha jambo hili. Wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu 1 kabla ya kujiua. Mwishoni mwa mwaka 1998, wakiwa hawajatimiza miaka 18, walikuwa wamefuatana na rafiki yao msichana wa miaka 18 hadi kwenye maonyesho ya bunduki. Msichana huyo alieleza baadaye kwamba vijana hao walikuwa wakiwauliza wauzaji kama wana leseni au ni watu binafsi, wakawapita wenye leseni. Bunduki tatu ndefu zilinunuliwa siku hiyo kwa kuonyesha leseni ya udereva tu. Yafaa itajwe kwamba msichana mwenyewe hakuwa katika orodha ya waliokatazwa. Kama angekaguliwa, huenda rekodi yake ingetoka safi. Lakini alisema kwamba lau pangekuwa na karatasi za kujaza na ukaguzi, asingewasaidia. Nguvu ya ukaguzi, kumbe, haiko katika kuwakataa waovu pekee. Inamfanya mtu aandike jina lake chini ya tamko ambalo uongo wake ni jinai, na mkono unaoandika jina husita pale ambapo mkono unaotoa noti hausiti. Aliyewauzia vijana hao bastola ya nne alifungwa miaka 6, kwa kuwa walikuwa chini ya umri. Waliouza zile bunduki tatu hawakuwa wamevunja sheria kwa kutomkagua mnunuzi.

Miaka 20 baadaye, Agosti 31, 2019, watu 7 waliuawa katika miji ya Midland na Odessa, jimbo la Texas. Muuaji alikuwa amejaribu kununua bunduki dukani mwaka 2014 akakataliwa kwa sababu ya historia yake ya maradhi ya akili. Mfumo ulifanya kazi yake barabara. Mwaka 2016 alinunua bunduki kutoka kwa mtu binafsi pasi na kukaguliwa. Muuzaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 2 mnamo 2021, na kosa lake lilikuwa kufanya biashara ya bunduki bila leseni. Hakimu, ni kana kwamba, alilazimika kuifikia nyumba kwa mlango wa nyuma: aliadhibiwa kwa kuwa mfanyabiashara aliyejificha. Lau angekuwa ameuza silaha hiyo moja tu maishani mwake, kwa mtu yule yule, bila kujua lolote, ingekuwa vigumu kuona ni kifungu kipi kingemshika.

Katika mjadala wa umma, hali hii imepewa jina la mwanya wa maonyesho ya bunduki. Jina hilo limewadhuru wanaolitumia. Kwanza, maonyesho yenyewe hayana sheria yake, kwani mwenye leseni anayeuza pale analazimika kukagua kama alivyo dukani, na asiye na leseni halazimiki hata akiuza sebuleni kwake. Pili, wafungwa waliohojiwa mwaka 2016 na idara ya takwimu za haki ya serikali kuu walionyesha picha tofauti: miongoni mwa waliokuwa na bunduki walipotenda makosa yao, waliosema waliipata kwenye maonyesho hawakufika hata asilimia 1. Asilimia 43 hivi walitaja mitaa na soko la magendo, na wengi wengine walitaja jamaa na marafiki. Wapinzani wa ukaguzi huitumia takwimu hii kama ushahidi kwamba suala zima ni porojo. La hasha. Takwimu inaonyesha kwamba tatizo ni pana kuliko jina lake. Bunduki ya magendo haikuota kama uyoga. Karibu kila moja ilitoka kiwandani ikapitia kwa mwenye leseni, ikauzwa kihalali mara ya kwanza, kisha mahali fulani ikavuka kutoka mkono uliokaguliwa hadi mkono usiokaguliwa.

Watetezi wa ukaguzi nao hawana budi kulaumiwa kwa namna walivyozishika takwimu. Kwa miaka mingi walirudia kwamba asilimia 40 ya bunduki hubadilisha mikono bila ukaguzi. Nambari hiyo ilitokana na mahojiano ya mwaka 1994 na watu wasiofika 300, kabla hata mfumo wa NICS haujaanzishwa, na zawadi na urithi vilijumuishwa. Bado ilitajwa na viongozi wakuu mwaka 2013 kana kwamba imechumwa jana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria asilimia 22 kwa waliopata bunduki katika miaka miwili iliyotangulia. Kwa walionunua kutoka kwa watu binafsi, nusu hawakukaguliwa. Katika majimbo yenye kanuni juu ya mauzo hayo, kiwango kilikuwa asilimia 26. Katika majimbo yasiyo na kanuni, asilimia 57. Nambari ndogo iliyo ya kweli ingewafaa kuliko kubwa iliyochakaa.

Hoja za upinzani zinastahili kusikilizwa. Mkulima wa Wyoming aliye mbali na duka lolote la bunduki ataona ni kero kusafiri nusu siku ili amuuzie jirani aliyemfahamu tangu utotoni. Zito zaidi ni hofu ya rejista. Sheria ya mwaka 1986 inakataza serikali kuu kuunda daftari la wamiliki wa bunduki, na rekodi za NICS za wanunuzi walioidhinishwa hufutwa ndani ya saa 24. Wengi wanaamini kwamba ukaguzi wa kila mauzo hauwezi kutekelezwa bila daftari, na daftari ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli mchungu. Polisi wanapookota bunduki kwenye tukio la uhalifu, kituo cha ufuatiliaji kilichoko Martinsburg, West Virginia, huanza na kiwanda, kikaenda kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa duka, kisha kwa mnunuzi wa kwanza ambaye fomu yake imehifadhiwa na mwenye duka. Hapo nyayo hukatika. Mnunuzi wa kwanza husema alimuuzia mtu fulani, jina halikumbuki, na katika majimbo mengi halazimiki kulikumbuka.

Mnamo Aprili 17, 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Seneti ilipigia kura pendekezo la maseneta Joe Manchin na Pat Toomey. Lingepanua ukaguzi hadi mauzo ya kwenye maonyesho na yale yanayotangazwa, yakiwemo ya intaneti, huku likikataza waziwazi kuundwa kwa rejista. Lilipata kura 54 dhidi ya 46, likaanguka kwa kukosa 60 zilizohitajika. Silaha za Sandy Hook, ilivyo kweli, zilikuwa zimenunuliwa kihalali na mama wa muuaji, na pendekezo lile lisingezizuia. Kufungamanisha sheria na msiba ambao isingeuzuia kuliwapa wapinzani jibu rahisi.

Majimbo kadhaa yamejiamulia yenyewe. California imetaka tangu 1991 mauzo ya watu binafsi yapitie kwa mwenye leseni. Colorado ilifunga mlango wa maonyesho kwa kura ya wananchi mwaka 2000, ikaongeza mauzo mengine mwaka 2013, na Washington ikafuata kwa kura ya maoni mwaka 2014. Kisa cha Nevada kinawafaa wote wanaofikiri kwamba maneno ya sheria ni urembo. Mwaka 2016 wapiga kura waliidhinisha ukaguzi wa mauzo binafsi kwa tofauti ya kura zisizofika 10,000. Matini iliyopitishwa ilisema ukaguzi ufanywe na FBI moja kwa moja. FBI ilisema haitafanya kazi hiyo kwa niaba ya jimbo, na sheria iliyoshinda ikalala kabatini mpaka bunge la jimbo lilipoiandika upya mwaka 2019. Ilianza kutumika Januari 2020. Sentensi moja iliwagharimu watu wa Nevada miaka mitatu.

Na pale ambapo sheria zimeandikwa vizuri, je, zimefua dafu? Jibu halimfurahishi kila mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza majimbo matatu yaliyopanua ukaguzi na kukuta kwamba idadi ya ukaguzi iliongezeka Delaware, lakini haikubadilika Washington na Colorado. Yaani sheria ilipita na wauzaji wakaendelea kama kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo haukuona badiliko la vifo vya bunduki California lililohusishwa na sheria yake ya 1991. Kwa upande mwingine, Connecticut, ambayo tangu 1995 imemtaka mnunuzi wa bastola awe na kibali kabla hajakutana na muuzaji yeyote, imehusishwa na upungufu wa mauaji ya bunduki. Missouri, iliyofuta kibali cha aina hiyo mwaka 2007, imehusishwa na ongezeko. Watafiti wataendelea kubishana kuhusu ukubwa wa athari hizi, lakini mwelekeo wake unaeleweka vyema kwa anayeukumbuka ule mkono unaosita. Ukaguzi unaomngoja muuzaji autake ni rahisi kuukwepa. Kibali humfuata mnunuzi kokote aendako, na muuzaji hana haja ya kuwa mpelelezi. Anachohitaji ni kuomba hati na kuitazama. Hata mkulima wa Wyoming angeweza hayo bila kuwasha gari.

Kwa hivyo hatua zilizochukuliwa mjini Washington hivi karibuni zinaelekea upande ufaao, ila zinagusa neno lisilo lenyewe. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Joe Biden, Juni 25, 2022, ilibadili maelezo ya mfanyabiashara. Pale palipokuwa na riziki na faida, sasa inatosha kwamba shabaha kubwa ni kupata faida. Kanuni ya Aprili 2024 iliyokusudiwa kufafanua badiliko hilo ilifikishwa mahakamani mara moja, na mwezi uliofuata mahakama moja ya Texas ikaizuia kwa baadhi ya waliolalamika. Hata kama ingesimama imara, ingeongeza idadi ya wanaohesabiwa kuwa wafanyabiashara na kuwaacha wengine wote na kitenzi kile kile. Mkazi wa Texas anayetaka kumuuzia mkazi mwenzake bastola yake ya pekee, naye akatamani kwa dhati kujua kama mnunuzi ana rekodi ya jinai, hana nambari ya simu anayoweza kupiga. Anaweza kumwomba waende pamoja kwa mwenye leseni. Mnunuzi naye anaweza kumshukuru, akaaga, akaenda kwa muuzaji mwingine asiyeuliza.